Waya Mnene na Mkono wa Ndugu Eliya

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na asifiwe hata kwa mdomo uliochoka kama wangu. Ninalo swali ambalo nimejiuliza tangu kiangazi kilichopita, na mpaka asubuhi hii sijalipatia jibu: siku nilipouchagua waya mnene nikauacha mwembamba, je, nilikuwa nimelisahau somo ninalolifundisha kila mwaka, au nililikumbuka nikajifanya nimelisahau?

Ushuhuda huu nimeuandika, na nitausoma kama ulivyo. Nikisimama bila karatasi nitaupamba, najijua. Mara ya mwisho niliposimama hapa mbele bila karatasi mliimba, mkalia, mkanikumbatia. Kila neno nililowaambia siku ile lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Ndugu Eliya, anayekaa benchi la tatu upande wa madirisha, ameniruhusu nimtaje kwa jina. Nilipomwomba alisema, "Nitaje, Mwalimu. Ila usinigeuze malaika." Nitajitahidi.

Wengi mnanifahamu kama mwalimu wa fizikia. Msiyoyafahamu ni haya: nilianza kuvuta sigara mwaka wa pili wa chuo kikuu, kwenye ngazi za bweni, nikijifunza kwa ajili ya mtihani. Mtihani ulipita, sigara ikabaki. Nilihamia Mpanda nikiwa na mke wangu Yustina, masanduku mawili ya vitabu na kikohozi. Miaka ishirini, ndugu zangu! Niliokoka katikati ya miaka hiyo, nikabatizwa, nikaingia kwaya, nikaimba sauti ya tatu, na bado kila baada ya mazoezi nilikuwa na kisingizio cha kupitia njia ya nyuma ya soko.

Mwaka juzi rafiki niliyesoma naye, anayeishi Dar es Salaam, alinitumia kifurushi kwa basi. Ndani kulikuwa na sigara ya umeme. Niwaeleze ilivyo, maana wengine hamjaiona, na ninawaombea msiione. Ni kichombo kinachojaa kiganjani, kina betri na kitungi kidogo cha kimiminika chenye nikotini, na ndani kabisa kuna koili: waya mfupi uliosokotwa kama chemchemi ya kalamu, uliopitishiwa pamba katikati. Ukibonyeza kitufe, betri inaupasha waya moto, kimiminika kilicholowesha pamba kinageuka mvuke, nawe unauvuta. Hakuna kiberiti, hakuna majivu, hakuna harufu ya tumbaku. Wiki ile ile niliitumbukiza pakiti yangu ya mwisho ya sigara kwenye choo cha shimo.

Jumapili iliyofuata nikasimama hapa. Nikasema, "Nimeacha sigara." Ilikuwa kweli! Sikusema nilikohamia. Ni kama mpangaji anayetangaza kuwa ameondoka kwenye nyumba mbovu, asiseme kwamba amepanga nyingine mtaa wa pili.

Siku ile Ndugu Eliya alitoka pale alipokuwa na gitaa lake akaja mbele. Eliya ni seremala; nusu ya mabenchi mnayokalia yametoka mkononi mwake. Yeye alianza kuvuta akiwa kijana, alipokuwa akichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Aliweka pakiti yake na kiberiti chake juu ya meza ya Bwana, akaniambia mbele yenu wote, "Kama msomi ameweza kunyenyekea, mimi ni nani?"

Naye akaacha kweli. Hakuwa na kichombo. Hakuwa na kimiminika. Alikuwa na Mungu, karanga za kukaanga mfukoni, na mfano wangu. Alitetemeka mpaka akajikata na msumeno. Alimfokea mkewe, kisha akamwomba radhi, kisha akamfokea tena. Kila Jumapili baada ya ibada alinishika mkono kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto.

"Mwalimu, wewe wiki ya kwanza ulifanyaje?"

"Maombi," nikamjibu.

"Maombi tu?"

"Maombi, na maji mengi."

Maji mengi! Ndugu zangu, nilimpa mtu anayezama ushauri wa kunywa maji. Mfukoni mwangu, sentimita chache kutoka kwenye mkono alioushika, kichombo kilikuwa bado na joto.

Sasa niseme habari ya waya, kwa sababu humo ndimo nilimoanguka.

Koili huungua. Baada ya wiki mbili tatu pamba inakuwa nyeusi na mvuke unakuwa na ladha ya nguo iliyounguzwa na pasi. Koili za kiwandani Mpanda sikuzipata, na kuagiza kila mara kwa basi kungemfanya karani wa mizigo aanze kuuliza maswali. Nikajiambia: wewe ni mwalimu wa fizikia, huwezi kusokota waya? Nikaenda kwa fundi Masanja pale Majengo, anayetengeneza pasi na majiko ya umeme. Anao waya wa majiko yaliyokufa, ule unaowaka mwekundu bila kukatika. Nilimwambia ni wa majaribio ya wanafunzi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa waya.

Mwanzoni nilichukua mwembamba. Ndugu zangu, kanuni yake ni rahisi. Waya mwembamba huupa umeme njia nyembamba: ukinzani ni mkubwa, mkondo unaopita ni mdogo, betri haichoki. Waya mnene ni barabara pana: ukinzani unashuka, na betri inalazimika kutoa mkondo mkubwa, inavyoweza na hata isivyoweza. Koili ya waya mnene hutoa wingu zito, la moto, linalojaza kifua kwa pumzi moja. Ya waya mwembamba hutoa mvuke wa adabu.

Miezi mitatu ya mwanzo mvuke wa adabu ulinitosha. Kisha haukunitosha. Nilirudi kwa Masanja.

"Mwalimu, wanafunzi wako wanakula waya?" akaniuliza huku akicheka.

"Safari hii nataka mnene kidogo."

Akatafuta kwenye ndoo yake, akatoa kipande, akakishika bila kunipa. "Mie sijasoma hiyo fizikia yenu. Ila nimeunguza vitu vingi. Waya mwembamba ukizidiwa unaungua wenyewe, yakaisha. Mnene haufi. Mnene unaua kilichoshikana nao. Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia."

"Haya. Wasalimie hao wanafunzi."

Nilisikia, ndugu zangu. Hilo silikani.

Nyumbani niliupima kama ninavyowafundisha vijana wa kidato cha pili wasio na vifaa: unauzungusha waya kwenye penseli mizunguko kumi iliyobanana, unaweka rula, unagawanya kwa kumi. Mizunguko kumi ilichukua milimita tano. Nusu milimita. Nikasokota koili mbili, nikaziweka sambamba. Kichombo changu cha kwanza kilikuwa na akili ndani yake. Nilipobonyeza kitufe kilikataa. Kioo chake kidogo kiliandika kwamba ukinzani umeshuka mno. Kikakataa mara ya pili na ya tatu. Chuma kilikuwa kinanihurumia! Mimi nikakasirika kama Balaamu alivyomkasirikia punda wake. Nikamwandikia rafiki yangu, naye akanitumia kingine cha aina ya zamani: bomba la shaba tupu, betri ndani, kitufe pembeni. Hakina kioo, hakina akili, hakikatai kitu. Betri yenyewe niliitoa kwenye kompyuta ya mkononi iliyokufa, ngozi yake ya plastiki ikiwa imechanika ubavuni.

Hata hivyo nilitaka kujihesabu mtu makini, kwa hiyo niliazima mita ya umeme kutoka maabara ya shule. Kuazima ni neno la adabu, sikumwambia mtu. Nilipima ukinzani wa koili: nusu omu. Nikasema, nusu omu, betri itaweza.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Mita ile, ukigusanisha ncha zake mbili bila kupima kitu chochote, haisomi sifuri. Inasoma pointi tatu ya omu, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani. Kila Januari ninaandika ubaoni, nawaambia wanafunzi: "Chombo nacho kina kosa lake. Lijue kwanza, ulitoe, ndipo uamini unachosoma." Nimewanyima wanafunzi alama kwa kulisahau jambo hilo. Siku ile sikugusanisha zile ncha. Ukizitoa hizo pointi tatu, koili haikuwa nusu omu. Ilikuwa pointi mbili. Nilikuwa ninaidai betri ile iliyochanika mkondo mara nyingi kuliko ilivyoumbwa kutoa. Nilisahau? Sikutaka kujua? Mungu anajua, na hajaniambia.

Mke wangu aliwahi kusimama mlangoni, akanusa, akasema, "Nyumba hii inanuka nanasi, na mimi sijanunua nanasi." Nikamwambia ni sabuni mpya ya shule. Akaondoka taratibu, na sikusikia hata kandambili zake.

Basi, mwezi wa nane kwaya ilialikwa Kasekese kwenye mkutano wa wakulima. Mlikuwapo wengi. Mchungaji alikuwa amenipanga nitoe ushuhuda ule ule wa kuacha sigara. Ulikuwa umekuwa kama wimbo wangu. Ninyi mliuomba, mimi niliutoa, nao ulikuwa ukirefuka kila ninapokwenda. Kabla ya zamu yangu nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya choo, nikavuta pumzi nne. Nilirudi nikaketi kando ya Eliya, aliyekuwa akiweka gitaa sawa. Nikakisukumia kichombo kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kitabu cha nyimbo juu yake, maana mfuko mmoja ndio uliokuwa mzima.

Kitabu kilikibana kitufe.

Nilianza kuhisi joto ubavuni wakati mchungaji akinitambulisha. Nilidhani ni aibu. Kisha ukaja mlio kama wa mafuta yanayopokea kitunguu, na moshi mweupe ukatoka kwenye ukosi wa koti langu. Mimi niliganda. Niseme ukweli: hata wakati ule wazo la kwanza halikuwa kwamba ninaungua. Wazo la kwanza lilikuwa, wataona.

Eliya hakuganda. Alitupa gitaa, akaingiza mkono wake wa kulia ndani ya koti langu, akalishika bomba lile likiwa linatema moto, akalivuta, akalirusha nje ya mlango kwenye mchanga. Maumivu hayakumpa nafasi ya kujua alichokishika. Alipiga kelele moja tu. Kisha akaketi chini akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Simu! Simu ya mwalimu imelipuka!" akapaza sauti mama mmoja.

Nami, ndugu zangu, nikaliacha neno lile lipite. Wakati mnamwagia maji mkono wa Eliya, wakati dereva anawasha gari, mimi nilikuwa nje nikikifunga kwenye leso kile kilichobaki, kabla mtu hajakitazama vizuri. Nikakitumbukiza chooni. Niliporudi, mchungaji aliniuliza, "Ilikuwa simu?" Nikajibu, "Ndiyo, simu."

Mimi niliungua ubavuni upana wa yai. Eliya aliungua kiganja chote na vidole vitatu. Alilazwa siku nyingi. Alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, vidole vilikuwa havikunjiki. Seremala! Mpiga gitaa!

Na ule uongo wa simu, ninyi nyote mliubeba kwa wema wenu. Matangazo yalitolewa hapa kanisani watu wasiweke simu mfukoni. Mzee mmoja aliacha kuchaji yake ndani ya nyumba. Akawa anaiacha kwenye banda la kuku. Mama mlezi wa kwaya alinipa simu yake ya zamani ya vitufe, akaifunga kwa kitambaa cha maua, akasema, "Pokea, Mwalimu, usikae bila mawasiliano." Simu yangu halisi ilikuwa nzima kwenye droo ya kabati, laini yangu ya pili ingali ndani, nikiichaji usiku. Nilitembea mji mzima na simu ya sadaka, nikiwapigia wazazi wa wanafunzi.

Mtadhani niliacha mvuke. La! Nilikirudia kile kichombo cha kwanza, chenye akili, na waya mwembamba. Nilijiona nimetubu kwa sababu nimerudi kwenye waya mwembamba. Hivyo ndivyo dhambi inavyomfanyia mtu msomi, ndugu zangu: haimwambii aache, inamwambia apunguze kipimo.

Nilikwenda kwa Eliya kila alasiri. Nilimpelekea uji, nilimsomea Zaburi, nilimfunga vifungo vya shati. Watu walisema, tazama upendo. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Ni uchovu wa kushikilia mlango kwa mgongo huku unatabasamu.

Alhamisi moja aliniambia, "Funga mlango, Mwalimu. Nina jambo."

Nikaufunga.

"Nimevuta."

"Lini?"

"Juzi. Na kabla ya hapo. Mara tatu tangu niweke ile pakiti mezani. Nyuma ya karakana, kama mwizi wa mbao. Mara ya mwisho nimevuta kwa mkono wa kushoto, hata kuishika vizuri siwezi, nikajicheka mwenyewe." Hakuwa anacheka. "Kila nikivuta nakuona wewe umesimama pale mbele. Nikawa najiuliza, Mungu amempa mwalimu kitu gani ambacho mimi kaninyima? Nimeomba kama yeye. Maji nimekunywa mpaka tumbo limejaa vyura."

Nikainama kukoroga uji uliokwisha poa.

"Nimeshakata shauri. Kesho saa nne mchungaji anakuja kuniona. Namwambia aniondoe kwenye kwaya, na jina langu alifute. Wako watu waliumbiwa kuokoka, Mwalimu, na wako wengine ni wa kuchochea moto wa mabani tu. Mimi nimejijua."

Hapo, ndugu zangu, Mungu alinifungulia mlango mpana kuliko lango la kanisa hili. Sentensi moja ilitosha! Na mimi mnajua nilisema nini? Nilisema, "Tuombe." Nikaomba kwa sauti nzuri. Nikamwomba Mungu ampe nguvu kama alizompa mtumishi wake. Mtumishi mwenyewe ni mimi. Eliya alisema amina, akageukia ukuta.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mabati. Yustina alikuwa sebuleni anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba Tumaini," akasema, "ile simu yako iliyoungua inaita."

Niliisikia. Ilikuwa ikitetemeka kwenye mbao za droo, kama mdudu aliyefungiwa. Hakuna kati yetu aliyekwenda kuipokea. Ilipokoma, aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akatoka na kopo langu la maziwa ya unga, lile la juu ya kabati, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na penseli yenye mizunguko ya waya, pamba, kichombo, kichupa, na mita ya shule.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nanasi la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe. Ukasimama madhabahuni, nikasema leo atasema. Mkono wa watu ukaungua, nikasema sasa atasema." Aliketi. Sauti yake haikupanda. "Nimechoka, Baba Tumaini. Kukuombea sijachoka. Nimechoka kuombea kitu ambacho hujanitajia. Nakuombea kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, na wewe mwenye kiberiti umelala pale pale unanisikiliza."

Akarudi kwenye mchele wake.

Nilikaa mbele ya kopo lile. Sijui kwa nini nilifanya nililolifanya. Pengine mikono ya mwalimu hutafuta kazi. Nilichukua mita, nikaiwasha, nikagusanisha ncha zake mbili. Pointi tatu. Nilizitenganisha, nikazigusanisha tena. Pointi tatu. Miaka yote niliyojipima nilijipima kwa chombo changu mwenyewe, na sikuwahi kukikagua. Nilisoma "nimeacha sigara" nikaiamini, bila kutoa kosa la aliyekuwa akisoma.

Nilipiga magoti kando ya kiti. Sikuwa na sala nzuri; zile nzuri nilizimalizia kwa Eliya. Nilisema, "Bwana, mimi ni mwongo, na kuna mtu anazama kwa sababu yangu." Basi. Sikusikia upepo, wala sikuona nuru. Nilisikia mchele ukipepetwa. Lakini nawaambia mbele za Mungu aliye hai: uzito wa ule mlango niliokuwa nimeushikilia kwa mgongo uliniondoka! Nilibaki na woga, na woga ule ulikuwa safi. Nikamwambia mke wangu, "Kesho asubuhi, kabla mchungaji hajafika, nakwenda kwa Eliya." Akajibu, "Nenda na kopo."

Mtataka kujua yaliyofuata. Niyaseme sasa, ili nimalizie panapostahili. Eliya hakunikumbatia. Alinitoa nje. "Miezi yote hii," alisema, "nilijiona si mtu." Siku nne hakupokea salamu yangu. Siku ya tano alimtuma mkewe: "Mwambie aje anioneshe hizo nyaya zake." Nilimwonesha yote, hata ile mizunguko kumi kwenye penseli. Aliangalia, akasema, "Mtu anasoma chuo kikuu miaka mitatu, anakuja Mpanda kusokota hii?" Akacheka kidogo. Jina lake hakumwambia mchungaji alifute. Mita nimeirudisha shuleni, nikamweleza mkuu wa shule, na ameniandikia barua ninayoistahili. Masanja nimemwambia wanafunzi walikuwa ni mimi. Alisema alijua, wanafunzi hawanunui waya na kuomba ufungwe kwenye gazeti.

Mvuke nimeuacha, na ni vigumu. Mkono wangu bado unaingia mfukoni wenyewe, na usiku kinywa changu kinatafuta kitu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mimi na Eliya tunakwenda pamoja kwa daktari aliyetuambia kwamba mwili uliozoea nikotini unahitaji msaada, wala si dhambi kuuomba. Tunaomba pamoja pia, na sasa katika maombi yale tunatajana kwa majina na kwa idadi ya mara tulizoanguka. Vidole vyake viwili vimeanza kukunjika. Cha tatu bado. Gitaa analishika, halijakubali.

Namshukuru Mungu, aliyenivumilia wakati nikimtumia kama pazia. Namshukuru mke wangu Yustina. Nawaomba radhi ninyi niliowalisha ushuhuda usioiva, na Mama mlezi, ambaye simu yake hii hapa naiweka mezani, ndani ya kitambaa chake cha maua. Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza ukiwa na kitu mfukoni, usisubiri kiwake. Bwana wetu haogopi harufu ya mfuko wa mtu. Mwamini! Gusanisha ncha zako mbele zake, usome kilichopo. Kisha mtafute yule anayezama kwa mfano wako, umwambie yeye kwanza kabla hujatuambia sisi.

Asubuhi ile ya Ijumaa niliondoka kabla ya chai. Majengo ilikuwa inaamka, watu walikuwa wanafagia mbele ya maduka, na mtu mmoja alinisalimia, "Mwalimu, leo maziwa mapema hivyo?" kwa sababu ya kopo. Mke wa Eliya alikuwa uani akiosha vyombo. Alisema yuko karakana, ameamka vibaya.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza yake ya kazi, randa ikiwa kwenye mkono wa kushoto, akijaribu kuisukuma juu ya kipande cha mninga. Iliruka, ikaacha kovu kwenye ubao. Mkono wa kulia, wenye bandeji, alikuwa ameubana kifuani. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Umekuja kuniombea tena, Mwalimu?"

"Hapana," nikasema. Niliweka kopo juu ya meza, kwenye vumbi la mbao, nikalifunua ili aone vyote vilivyomo. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nilimtazama machoni bila kupanga sentensi.

"Ndugu Eliya," nikamwambia, "ile haikuwa simu."